Kuhesabu Watu wa Ziwa: Mwanza na Sensa ya Kidijitali

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania ambayo majibu ya wananchi hayakuandikwa kwenye karatasi. Karani alibeba kishikwambi, akasoma swali kwenye kioo, akabonyeza jibu, na jibu hilo likasafiri kwa mtandao hadi kwenye seva zilizosimamiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS). Usiku wa sensa ulikuwa ule wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti. Matokeo ya mwanzo yalitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 31 Oktoba: watu 61,741,120, kati yao 59,851,347 Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar. Mkoa wa Mwanza ulikuwa na watu 3,699,872, wa pili kitaifa baada ya Dar es Salaam yenye watu 5,383,728.

Mwanza unafaa kuwa kipimo cha kazi yote hiyo, kwa kuwa karibu kila aina ya ugumu wa kuhesabu watu inapatikana ndani ya mkoa huo mmoja. Kuna jiji lililopanda juu ya miamba, nyumba zikishikana bila barabara. Kuna vijiji vya wakulima na wafugaji vya Kwimba na Misungwi, ambako kaya moja iko mbali na nyingine. Kuna visiwa vya Ukerewe na Buchosa, ambako karani hufika kwa mtumbwi. Na kuna watu wengi ambao usiku hawalali nyumbani, kwa sababu usiku ndio wakati wao wa kazi.

Faida ya TEHAMA iliyo rahisi kuonekana ni kasi. Mwaka 2012 watu walihesabiwa usiku wa kuamkia 26 Agosti, na idadi ikatangazwa 31 Desemba, siku 127 baadaye. Mwaka 2022 zilipita siku 69. Katika sensa za 1967, 1978 na 1988, madodoso yalikusanywa katika magunia na masanduku, yakasafirishwa, yakapangwa, kisha majibu yakageuzwa namba na kuingizwa kwa mikono. Sensa za 2002 na 2012 zilileta mashine za kuskani zilizosoma alama na maandishi moja kwa moja. Hatua hiyo ilipunguza kazi ya mikono, lakini karatasi ilibaki: iliweza kulowana, kukunjwa vibaya au kuandikwa kwa mwandiko usiosomeka, na kosa lililogunduliwa ofisini lilikuwa limeshaachwa kijijini kwa miezi kadhaa.

Haja ya kuharakisha hesabu ya watu ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya teknolojia yenyewe. Marekani ilitumia miaka takriban minane kuchakata sensa yake ya 1880, na kwa ajili ya sensa ya 1890 Herman Hollerith alibuni mashine iliyosoma kadi zenye matundu. Karne moja baadaye hesabu ilikuwa imeshika kasi, lakini ukusanyaji ulikuwa bado wa kalamu. Brazil iliondoa karatasi mikononi mwa makarani wake mwaka 2010. Afrika Mashariki ilifuata katika muongo uliofuata: Kenya mwaka 2019, Tanzania na Rwanda mwaka 2022, Uganda mwaka 2024.

Kazi ya kidijitali huanza muda mrefu kabla ya usiku wa sensa, nayo huanzia kwenye ramani. Nchi nzima hugawanywa katika maeneo ya kuhesabia watu, kila eneo likiwa na ukubwa ambao karani mmoja anaumudu. Zamani mipaka hiyo ilichorwa kwa mkono na kuelezwa kwa maneno: kuanzia mwembe mkubwa, kufuata korongo, hadi kisima cha kijiji. Kwa sensa ya 2022 mipaka ilichorwa kwa picha za satelaiti na mfumo wa taarifa za kijiografia, kisha ikawekwa ndani ya kishikwambi, hivyo karani aliweza kuona kama bado yuko ndani ya eneo lake au amevuka kuingia kwa mwenzake. Mapema mwaka huohuo kulifanyika Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyokusudiwa kuzipa nyumba namba na barabara majina. Sensa ya watu nayo ilifuatiwa na sensa ya majengo.

Umuhimu wa ramani unaonekana vizuri kwenye vilima vya Mabatini, Igogo na Isamilo. Huko nyumba imejengwa juu ya jiwe, nyingine imeegemea jiwe hilohilo kwa chini, na njia ya kuzifikia ni ngazi zilizochongwa au vichochoro ambavyo mgeni hawezi kuvijua. Mkuu wa nyumba anaweza kuwa amepangisha chumba kimoja kimoja kwa kaya nne au tano, na mlango wa nyuma ukatokea mtaa mwingine kabisa. Kwa karani wa karatasi, kuruka nyumba katika mazingira hayo kulikuwa rahisi, na hakuna aliyejua baadaye kwamba imerukwa. Kwa karani wa kishikwambi, kila kaya inaachwa na alama yake ya mahali, yaani viwianishi vya GPS. Msimamizi anapozipanga alama hizo juu ya picha ya satelaiti, paa lisilo na alama linajionyesha lenyewe. Ni kweli kwamba GPS ya kifaa cha kawaida huweza kukosea kwa mita kadhaa, na kwenye mteremko uliobanana mita hizo zinatosha kuihamisha kaya hadi nyumba ya jirani. Hata hivyo, kosa la mita kadhaa kwa kaya iliyohesabiwa ni dogo mno likilinganishwa na kaya ambayo haikuhesabiwa kabisa.

Ndani ya kaya, programu ya dodoso hufanya kazi ambayo karatasi haikuiweza: inakagua majibu papo hapo. Mkuu wa kaya akitajwa kuwa mwanamume, maswali ya uzazi hayafunguki. Mama akiandikwa ana miaka 24 na mtoto wake wa kumzaa ana miaka 17, programu inasimama na kumtaka karani ahakikishe. Swali likiachwa wazi, ukurasa unaofuata haufunguki. Kwa sababu hiyo iliwezekana kwa mara hii kuuliza dodoso refu katika kila kaya nchini, ilhali mwaka 2002 na 2012 dodoso refu liliulizwa katika sehemu tu ya maeneo, na kaya nyingine zikaulizwa dodoso fupi. Hilo ni badiliko kubwa kuliko kasi, ingawa halisemwi sana. Dodoso la sampuli linatosha kueleza hali ya mkoa. Kwa kata moja ya kisiwani sampuli huwa ndogo mno kuaminika. Majibu ya kaya zote yanawezesha kusema, kwa kata moja ya kisiwa cha Ukara, ni kaya ngapi zinachota maji ziwani, ngapi zina choo, na ni watu wangapi wenye ulemavu wa aina gani.

Lakini programu hukagua tu kama majibu yanaafikiana. Kama ni ya kweli, haina namna ya kujua. Mfano mzuri ni umri. Bibi wa Bwisya au Bugolora, visiwani Ukerewe, ambaye hana cheti cha kuzaliwa hawezi kusaidiwa na kioo cha kishikwambi. Anasaidiwa na kalenda ya matukio, ile orodha ambayo makarani hufundishwa kuitumia: alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Uhuru mwaka 1961, wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967, wakati wa vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979? Kwa watu wa ziwa lipo tukio moja ambalo halihitaji kufafanuliwa, nalo ni kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Mama anayesema kwamba siku ile alikuwa na mimba ya kitinda mimba wake ameshataja umri wa mtoto huyo kwa usahihi unaozidi namba yoyote ya kukisia. Karani mvivu hatauliza hayo. Ataandika 60 au 65, programu itapokea, na wanapochora mchoro wa umri wa taifa, watakwimu watakuta miaka inayoishia na 0 na 5 imejaa watu kupita kawaida. Tatizo hilo lilikuwepo enzi za karatasi, na dawa yake ni mafunzo na uvumilivu wa karani.

Kuhusu mtandao, hofu iliyotangulia sensa ilikuwa kubwa kuliko tatizo lenyewe. Kishikwambi cha sensa hakihitaji intaneti wakati wa kuhoji. Majibu yanahifadhiwa ndani ya kifaa, yakiwa yamefungwa kwa usimbaji, na kutumwa pale karani anapopata mawimbi ya simu. GPS nayo hutegemea satelaiti, haihitaji mnara. Karani aliyeko kisiwa cha Irugwa au Maisome angeweza kuhoji kutwa nzima bila mtandao na kutuma kazi yake jioni akiwa juu ya kilima. Kinachosumbua zaidi visiwani ni chaji. Kioo kinachowaka kutwa nzima hula betri, na katika kijiji kisicho na umeme karani hutegemea pawabenki, sola ya dukani, au mwenye jenereta pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Mvua, maji ya ziwa na mchanga ni maadui wengine wa kifaa hicho. Karani anayepanda mtumbwi hukifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kukibeba kifuani, kwani kikitumbukia kabla ya kutuma, kaya zote za siku hiyo zimepotea.

Ndiyo maana ngazi za watendaji zilibadilika. Sensa za karatasi zilikuwa na karani na msimamizi wake. Sensa ya 2022 ilikuwa na karani, msimamizi wa maudhui na msimamizi wa TEHAMA, huyu wa mwisho akishughulika na vifaa vilivyogoma, programu zilizokwama na kazi zisizofika kwenye seva. Nafasi hizo za muda ziliombwa kwa njia ya mtandao, na vijana wengi wa Mwanza waliomaliza vyuo bila ajira walizipata pamoja na walimu na watumishi wengine. Mafunzo yalichukua zaidi ya wiki mbili. Muda huo si mwingi kwa mtu anayepaswa kuelewa dhana ya kaya, kuijua programu, na kujifunza namna ya kumhoji mjane kuhusu kifo kilichotokea nyumbani mwake.

Faida nyingine kubwa ya mfumo huu iko kwa wanaosimamia. Kwa karatasi, makao makuu yalikaa gizani hadi magunia yafike. Kwa vishikwambi, kila jioni inajulikana ni maeneo gani yametuma kazi, kaya ngapi zimehojiwa, mahojiano yamechukua dakika ngapi, na yalifanyikia wapi. Karani aliyekaa chini ya mti na kujaza kaya kumi kwa kubuni anaachwa uchi na kifaa chake, kwa sababu kaya zote kumi zitakuwa na viwianishi vya mti mmoja na dakika tatu tatu za mahojiano. Ushahidi wa aina hiyo ulikosekana nchini Kenya baada ya sensa ya 2009, pale serikali ilipofuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini kwa sababu ongezeko la watu lilipita kiasi kinachoelezeka kwa vizazi na uhamiaji. Ugomvi ule uliendelea kwa miaka, kwa kuwa hakuna upande ulioweza kuonyesha, nyumba kwa nyumba, nani alihesabiwa wapi. Kwa maoni ya uchambuzi huu, uwezo huo wa kukagua kazi ya karani ndio faida kuu ya TEHAMA katika sensa, na unaizidi kasi ambayo imesifiwa zaidi.

Pamoja na hayo, upo ugumu wa ziwani ambao kifaa hakiugusi. Tanzania huhesabu watu kwa mahali walipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kanuni hii ni nyepesi kwa mtu wa mjini anayelala kitandani kwake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku, na tena si kila usiku: hutoka wakati wa giza, kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta dagaa, na mbalamwezi inapokuwa kali hupumzika na kushona nyavu. Mwaka 2012, usiku wa kuamkia 26 Agosti, mwezi ulikuwa umeshapita nusu na anga ilikuwa na mwanga sehemu kubwa ya usiku. Mwaka 2022, usiku wa kuamkia 23 Agosti, mwezi ulikuwa umebakiza siku nne kuandama upya, ukachomoza alfajiri ukiwa ukucha tu. Usiku ule ulikuwa wa giza, yaani wa kazi. Yeyote aliyesimama kwenye fukwe za Ukerewe usiku wa aina hiyo ameziona taa zao zimetapakaa majini kama mji mwingine.

Kanuni za sensa zina jibu la hali hiyo. Mvuvi, mlinzi au muuguzi aliyekesha kazini huhesabiwa katika kaya yake, mradi anarudi nyumbani asubuhi. Shida ni kujua kaya ya mvuvi ni ipi. Katika kambi ya kisiwani, vijana wanane wa mitumbwi miwili hulala banda moja, wanapikiwa na mpishi mmoja, na wanalipwa na tajiri mmoja anayeishi Kirumba, jijini. Kwa tafsiri ya sensa, wanaokula na kuishi pamoja ni kaya, basi banda lile ni kaya na mmoja wao ni mkuu wake. Lakini mmoja wa vijana hao ana mke mjini Nansio, Ukerewe, na mke huyo, akiulizwa ni nani wa nyumba hii, anamtaja mumewe bila kusita, kwani ndiye anayemtumia hela ya kula kila wiki. Mtu huyo ameandikwa mara mbili. Mwenzake ametoka Geita wiki iliyopita, hana ndugu kisiwani, na siku karani anapopita yeye amehamia kambi nyingine kufuata samaki. Huyo hakuandikwa popote. Seva inapokea taarifa zote hizo kuwa safi, kwa kuwa hakuna jibu linalopingana na jingine ndani ya kaya moja.

Kompyuta ingeweza kumgundua aliyeandikwa mara mbili kama kila mtu angeandikwa pamoja na namba ya kudumu ya utambulisho na orodha zote zikalinganishwa. Lakini si kila mtu mzima ana kitambulisho cha Taifa, watoto hawana, na sensa iliyogeuka ukaguzi wa vitambulisho ingewakimbiza hasa wale ambao ni vigumu kuwapata. Asiyehesabiwa naye hawezi kugunduliwa kwa njia hiyo hata kidogo. Anajulikana tu na mtu wa palepale: mwenyekiti wa kitongoji, kiongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) mwaloni, mama lishe anayewauzia chai wavuvi wanaporudi. Makarani waliofanya kazi nzuri visiwani ni wale waliotembea na viongozi wa namna hiyo na kufika mwaloni asubuhi mitumbwi inapoingia.

Wasafiri ni kundi jingine. Meli ya New Victoria Hapa Kazi Tu husafiri usiku kati ya Mwanza na Bukoba, na abiria waliomo usiku wa sensa hawajalala katika mkoa wowote. Kwao, kama kwa wageni wa gesti, wagonjwa waliolazwa hospitali ya Bugando, wanafunzi wa bweni na watoto wanaolala mitaani, kuna madodoso ya makundi maalumu yanayojazwa usiku uleule au asubuhi yake. Hapa kishikwambi kinasaidia kidogo tu. Kazi yenyewe ni kuwapo mahali panapotakiwa, saa inayotakiwa, na watu wa kutosha.

Takwimu zilizotoka zinaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito. Kati ya 2012 na 2022 Nyamagana, mojawapo ya wilaya mbili za jijini, ilitoka watu 363,452 hadi 594,834, ongezeko la karibu asilimia 64. Ilemela, ile nyingine, ilitoka 343,001 hadi 509,687, karibu asilimia 49. Mkoa mzima uliongezeka kwa asilimia 33 na nchi kwa asilimia 37. Ukerewe ilitoka 345,147 hadi 387,815, asilimia 12 tu kwa miaka kumi. Maelezo ya kwanza ni uhamaji, na ni maelezo yenye mashiko: visiwa hivyo vimejaa watu tangu zamani, ardhi ya kulima imekatwakatwa vipande vidogo, na vijana wa Kikerewe, Kijita na Kikara wamekuwa wakivuka kwenda jijini na mikoa jirani kwa vizazi. Maelezo ya pili ni kwamba baadhi ya wavuvi hawakuhesabiwa, au walihesabiwa kwingine. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na jumla ya wilaya haiwezi kuyatenganisha. Hapa ndipo viwianishi vya kila kaya vinapokuwa na thamani. Kama upungufu uko kwenye vijiji vya wakulima vya ndani, ni uhamaji. Kama uko kwenye kambi za pwani ya kisiwa, panahitaji kuchunguzwa. Upo pia mzani wa pili: Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria (LVFO), yenye makao yake Jinja, kwa kushirikiana na nchi tatu za ziwa, imekuwa ikihesabu mialo, vyombo na wavuvi kila baada ya takriban miaka miwili tangu mwaka 2000. Kulinganisha orodha hiyo ya mialo na ramani ya kaya za sensa ni kazi ya wiki chache kwa mtaalamu mmoja, na ingewafaa sana wapangaji wa zahanati na shule za visiwani.

Asiyeamini kwamba sensa ya kidijitali inaweza kukosa watu wengi aitazame Afrika Kusini. Mwaka 2022 nchi hiyo ilitumia vifaa vya kielektroniki, simu na kujihesabu mtandaoni, na tathmini iliyofanywa baada ya sensa ikaonyesha kwamba takriban asilimia 31 ya watu hawakufikiwa. Idadi iliyotangazwa ilibidi irekebishwe kwa kiasi hicho. Nchini Uganda, sensa iliyoanza 10 Mei 2024 ilikuwa ya kwanza ya kidijitali nchini humo, na kazi iliyopangwa kuisha 19 Mei ikaongezwa hadi 25 Mei. Tathmini ya baada ya sensa, yaani kurudi kwenye sampuli ya maeneo na kuhesabu upya kwa watu tofauti, ndiyo njia pekee ya kujua hesabu ya kwanza ilikosea kiasi gani. Inapaswa kufanyika ikiwa na sampuli ya kutosha ya visiwa. Tathmini iliyochukua maeneo mengi ya bara na machache ya majini itatoa wastani mzuri unaoficha ziwa.

Mwananchi naye ana sababu zake za kufungua mlango au kuufunga. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu viliwahimiza waumini kususia sensa, madai yakiwa kipengele cha dini, ambacho hakijaulizwa nchini tangu sensa ya 1967. Mwaka 2022 serikali ilitumia muda mwingi katika uhamasishaji, viongozi wa dini wakishirikishwa mapema, na Kamisaa wa Sensa kwa Tanzania Bara, Spika mstaafu Anne Makinda, akizunguka mikoani na kaulimbiu ya kujiandaa kuhesabiwa. Siku ya sensa ikawa ya mapumziko. Maandalizi hayo ya maneno yalichangia mafanikio si chini ya vifaa.

Teknolojia yenyewe imeleta swali jipya la imani. Dodoso la karatasi lilikuwa na majina, lakini kulipata la mtu mmoja ndani ya ghala la mamilioni ya karatasi ilikuwa vigumu mno. Faili la kielektroniki lenye jina, umri, mali, ulemavu na viwianishi vya mlango wa nyumba hutafutwa kwa sekunde. Sheria ya Takwimu inakataza taarifa za mtu binafsi kutolewa au kutumika kwa jambo lolote lisilo la kitakwimu, na inawabana watendaji kwa kiapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwishoni mwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, baada ya sensa kwisha, hivyo sensa ijayo itakuwa ya kwanza kufanyika chini yake. Mvuvi asiye na leseni, au mhamiaji kutoka ng'ambo ya ziwa, anahitaji kuamini kwamba aliyoyasema kwa karani hayatafika kwa ofisa wa uvuvi wala wa uhamiaji. Ofisi ya takwimu ikilinda siri hiyo kwa uwazi, kwa kueleza nani anaingia kwenye seva na majina yanaondolewa lini, itapata majibu ya kweli. Ikishindwa mara moja tu, hakuna programu itakayorudisha imani hiyo.

Wapo wanaouliza kama sensa ya kupita nyumba kwa nyumba bado inahitajika katika zama za hifadhidata. Nchi kadhaa za Ulaya, kama Denmark na Finland, huhesabu watu wake kutoka kwenye daftari za kudumu bila kubisha hodi. Mwanza ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ambako Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) ulipeleka mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwa kutumia simu ya mkononi, vyeti vikitolewa kwenye kata na vituo vya afya, na hatua hiyo inaelekea huko. Lakini daftari halina thamani kama vifo haviandikishwi na wanaohama hawatoi taarifa. Kwa hali ilivyo kando ya ziwa, kubisha hodi kutaendelea kwa muda mrefu.

Vishikwambi vya 2022 vilielekezwa kwa walimu baada ya kazi, uamuzi wa busara, ingawa una maana kwamba sensa ijayo itahitaji vifaa vipya na mafunzo mapya. Kinachopaswa kubaki ni ramani za maeneo ya kuhesabia, ambazo huchakaa haraka. Kilima kilichokuwa kitupu Buswelu mwaka 2022 kinaweza kuwa mtaa mzima ifikapo 2030, na kambi ya wavuvi huweza kuanzishwa na kuvunjwa ndani ya msimu mmoja. Halmashauri za Mwanza zinapaswa kuzihuisha ramani hizo kila mwaka kupitia watendaji wa kata, na kuingiza humo mialo yote inayojulikana na BMU, badala ya kusubiri wataalamu kutoka Dodoma mwaka mmoja kabla ya sensa.

Kwa desturi ya kuhesabu kila baada ya miaka kumi, sensa inayofuata inatarajiwa mwaka 2032. Tarehe yake ichaguliwe kwa kutazama pia kalenda ya mwezi, ambayo hujulikana miaka mingi kabla. Mwaka huo mwezi utaandama karibu na tarehe 6 Agosti na kuwa mpevu karibu na tarehe 21. Usiku wa sensa ukiwekwa katika wiki hiyo ya mwezi mpevu, wavuvi wengi wa dagaa wa Ziwa Victoria watakuwa nchi kavu.